Wangapi Walisimama

Dagane Salah hunijia mchana. Huja saa saba, jua linapokuwa limewafukuza hata mbuzi barabarani, akakaa kwenye kibaraza changu hapa Iftin, Garissa, mkono wa kushoto juu ya koo, kama alivyokaa miezi yake ya mwisho akisubiri mate yateremke. Amekufa mwaka wa nne sasa. Mimi humtazama yeye, naye hutazama njia. Nikiinuka kumletea maji, nikirudi hayupo.

Ninamwandika kwa sababu hakuna mwingine atakayemwandika. Watu wake hawasomi, na wale wanaosoma siku hizi husoma habari za mbali.

Alikuwa tabibu wa ngamia upande wa Hadado. Kazi aliifundishwa na mjomba wake, naye mjomba alifundishwa na baba yake. Alikuwa na mkono mwembamba, vidole virefu, na aliweza kuuingiza hadi begani ndani ya ngamia aliyeshindwa kuzaa, akamgeuza ndama bila kumchana mama. Aliunga mifupa kwa vibanzi vya mgunga na kamba ya ngozi. Alipasua majipu kwa kisu alichokipitisha motoni. Malipo yake yalikuwa mbuzi, mara nyingine chai na sukari tu.

Zamani kwetu hakuna aliyemgusa mnyama wa mwenzake kwa kisu kabla ya kuulizwa. Mwenye mnyama aliwaita mashahidi wawili, kisha akamuuliza tabibu mbele yao: kazi hii hasa umeifanya mara ngapi, na wangapi walisimama? Kusimama maana yake mnyama aliinuka kwa miguu yake akaenda malishoni. Tabibu alitaja hesabu. Akidanganya, daima palikuwa na mtu kisimani aliyejua ukweli, na jina la tabibu huyo lilikwisha siku hiyo. Swali hilo halikuwa tusi. Tusi lilikuwa kutouliza, kana kwamba mnyama wako hana thamani.

Nilikuwapo siku mzee Guleid alipomleta ngamia jike mwenye uvimbe wa taya, mama wa nusu ya kundi lake. Aliuliza, na Dagane akajibu kwamba wa taya alikuwa amekata watatu, akasimama mmoja. Bishar wa Kutulo alikuwa amekata zaidi ya ishirini. Guleid akalalamika. Kutulo ni mwendo wa siku nyingi, na Bishar hakubali malipo chini ya ndama.

Dagane akamwambia, "Mzee, kwangu utalipa mbuzi kisha utachinja ngamia. Kwake utalipa ndama na utaendelea kunywa maziwa."

Guleid alikwenda Kutulo akinung'unika njia nzima, nasikia. Yule ngamia alizaa mara nne baada ya hapo.

Leo vijana wanapita na mifuko ya plastiki iliyojaa sindano, wanamdunga yeyote aliyelala chini, na hakuna anayewauliza kitu. Wanaitwa wataalamu.

Mimi nilikuwa mtu wa aina nyingine. Sikupata shule. Nilijifunza Kiswahili kwa redio ya muuza duka mmoja na kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, nikisoma habari nusunusu kwa sababu nusu ya pili ilikuwa kwenye sukari ya mtu mwingine. Baadaye nikawa ndiye niliyewapeleka watu wetu ofisini, kwa chifu, mahakamani, hospitalini, nikiwasemea. Dagane aliniita Redio. Alisema mimi ni redio isiyohitaji betri, ila kuizima ndiyo shida.

Mwaka wa tisini na nne chakula kilianza kumkwama. Kwanza aliacha nyama. Kisha anjera, mkate wetu laini, ikakwama, hata iliyolowekwa kwenye chai. Mwishoni alibaki na maziwa, tena kwa mkupuo mdogo mdogo, akisimama na kutembea ili yashuke. Mkewe Kaaha akamleta Garissa, nyumbani kwangu. Akapigwa picha ya eksirei akiwa amenywa dawa nyeupe kama chokaa. Njia ya chakula ilionekana nyembamba kama uzi. Ilikuwa saratani, na daktari wa picha alisema bado ni ndogo, ikikatwa mapema anaweza kuishi. Bila kukatwa, hata maziwa yangekataa kupita kabla ya mvua.

Palikuwa na njia mbili. Nairobi kulikuwa na hospitali kubwa ambako makoo kama lile yalikatwa kila wiki. Lakini kuna kungoja, na gharama kwa jumla, safari na kulala, ingefika ngamia tisa. Isitoshe basi zilikwenda kwa msafara wenye askari kwa sababu ya majambazi, na njiani kila Msomali aliulizwa ile kadi ya uchunguzi ya kuthibitisha kwamba ni raia, nayo ya Dagane ilikuwa imeliwa na mchwa. Njia ya pili ilikuwa karibu. Wafadhili walikuwa wamejenga hospitali ndogo, ambayo sitaitaja na ambayo imekwisha kufungwa, na daktari wa upasuaji wa pale alikuwa tayari kumkata wiki ileile. Ngamia wanne.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, aliyesifika. Watu wetu waliopigwa risasi aliwafufua. Alitukaribisha, akanipa mimi kiti. Dagane na Kaaha wakakaa kwenye benchi.

Daktari alipomaliza kueleza, nami nilipomaliza kutafsiri, Dagane alinigeukia. Kisha akaniambia kwa lugha yetu, "Redio, muulize. Koo kama hili amekata mangapi, na wangapi walisimama?"

Kaaha akajisogeza mbele kidogo asikie jibu. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi.

Daktari alinitazama, kalamu mkononi. Maneno yote nilikuwa nayo, na Kiswahili cha swali lile ni chepesi. Lakini nilikuwa nimetumia miaka thelathini kuwa mtu anayepewa kiti ofisini. Niliona jinsi swali lile litakavyosikika, swali la watu wa porini wanaompima daktari msomi kama mchuna ngozi wa kisimani. Tena sisi wa huku tumefunzwa kwa fimbo kwamba mtu wa ofisini haulizwi swali, hujibiwa maswali yake.

Nikasema, "Mzee anauliza kama atapona."

Daktari akatabasamu. Akasema watajitahidi, mengine ni ya Mungu.

Nikamgeukia Dagane. "Anasema amekata mengi. Wengi walisimama."

Dagane alimtazama daktari kwa muda mrefu, kisha akatoa kidole gumba wakipake wino.

Alikatwa Jumatano. Ilichukua kutwa nzima, na daktari alitoka shati limelowa. Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Kaaha alichinja mbuzi akagawa sadaka, akaniita walaal, ndugu, mbele ya watu, akisema kwamba bila mimi wangepotea katika mji huu. Siku ya nne homa ikapanda. Wauguzi walisema ni malaria, maana homa huku ni malaria, wakamtundikia kwinini. Siku ya sita walimpa maziwa kijiko kimoja, na maziwa yale yakatokea kwenye mpira uliokuwa umechomekwa ubavuni mwake. Kaaha ndiye aliyeyaona. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kwa nini maziwa yanatoka huko.

Daktari hakujificha. Alipanda nasi kwenye gari la wagonjwa hadi Nairobi, akamshikilia Dagane kichwa kila tulipopita kwenye mashimo.

Kule alipokelewa na daktari mzee wa kike. Baada ya kumsafisha kifua aliniita ukumbini, akaniuliza homa ilianza lini. Nilipomwambia alifumba macho.

"Kwenu homa ni malaria," alisema. "Hapa, kwa mgonjwa wa koo, homa ya siku ya nne ni mshono umeachia. Hata mfagiaji wa wodi hii anajua. Si kwamba wao ni wajinga, baba. Wangeyaona wapi? Sisi tunaona kila wiki."

Nilidhani kazi ni kisu. Nikaelewa siku ile kwamba kisu ni sehemu ndogo. Kuna anayelaza usingizi, kuna anayepima mkojo, kuna muuguzi anayepita alfajiri na kuona rangi ya uso imebadilika kidogo tu, kwa sababu ameiona ikibadilika kwa wengine thelathini. Ndicho mjomba wa Dagane alichokuwa akijua bila kitabu.

Daktari kijana nilimkuta kwenye benchi nje, akisubiri gari limrudishe. Nilikaa naye kwa kuwa hapakuwa na benchi lingine. Alisema bila kuulizwa, akitazama viatu vyake, "Hii ilikuwa ya pili. Wa kwanza alifariki. Mngeniuliza ningewaambia, mzee. Ningewaandikia barua mje huku moja kwa moja. Lakini mlikubali upesi sana, nikadhani mna haja ya kukatiwa karibu."

Dagane aliishi wiki saba katika wodi ile, akilishwa kwa mpira tumboni. Ngamia wanne wa kule, na kumi wa Nairobi. Kaaha aliwauza mmoja mmoja kupitia kwa shemeji yake, na ngamia anayeuzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya mbuzi. Njia ya bei rahisi ilitugharimu ngamia kumi na wanne, na kwenye wodi hiyohiyo kulikuwa na wanaume waliokatwa kwa tisa wakaenda kwao.

Hao ndio Dagane aliokuwa akiwatazama. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini macho yalifanya kazi. Kila aliyeletwa kutoka chumba cha upasuaji alimfuata kwa macho, siku baada ya siku, hadi aone mtu huyo anatembea ukumbini ameshika ukuta, au kitanda chake kimevuliwa shuka. Asubuhi moja aliniita kwa kidole. Akanionyesha vidole tisa, macho yake yakienda kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Kisha akavikunja viwili, akaniachia saba nivitazame. Akaviweka vidole hivyo juu ya blanketi, akanitazama usoni.

Nilitazama dirishani. Nilisema nitamletea maji ya kulowesha midomo, nikatoka, nikakaa nje hadi mchana. Niliporudi alikuwa amelala, na baada ya hapo hakuniita tena kwa kidole wala kwa jicho. Alikufa Ijumaa iliyofuata. Tulimzika Nairobi, katikati ya watu wasiojua kisima chake.

Kaaha alirudi Hadado, akakaa eda. Miezi minne na siku kumi zilipotimia nilikwenda. Nilimkuta mbele ya kibanda akisuka mkeka, binti yake Sadiyo akikamua. Walikuwa wamebaki na ngamia sita. Nilimwambia yote: swali lilivyoulizwa na nilivyolipeleka, jibu nililolitunga, na yale maneno ya benchini. Sikujitetea. Niseme kweli, nilijitetea kidogo.

Aliendelea kusuka hadi nilipomaliza. Alimwita Sadiyo alete maziwa, akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.

"Kunywa, Noordin," alisema. "Wa kwanza alikufa kwa ugonjwa, au kwa mshono?"

Nilisema sikumuuliza daktari.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetarajia hivyo. Nilikunywa, nikarudisha kibuyu. Sadiyo, ambaye alizoea kunifanyia mzaha, hakuja kuniaga.

Mvua ya gu, yaani masika, ilipoanza nilisikia wanahama. Kwetu boma likihama huacha neno kisimani, ili ndugu anayekuja nyuma aambiwe: tumeelekea upande huu, tafuta kilima fulani. Hata mtu mwenye kesi ya damu huachiwa neno. Nilifungasha sukari, majani ya chai na shuka moja ya kumpa Kaaha, nikapanda lori hadi Hadado, nikaenda kisimani kwa miguu.

Mahali pa boma palikuwa na miiba iliyolala na majivu yaliyolowa. Kisimani nilimkuta Dullo, Mborana anayechota maji pale tangu enzi za baba yake, mtu anayejua boma la kila mmoja. Tulisalimiana kwa kirefu. Nikamuuliza walikoelekea watu wa Dagane.

Alimalizia ndoo aliyokuwa akiivuta. Alisema walimwambia. Alisema pia kwamba Kaaha alimtaja mtu mmoja ambaye asiambiwe.

Akanimiminia maji ya kunywa, na akaendelea kunywesha mifugo ya watu.