Haragwe kwa Silabi Nzito

Mdogo wangu aliitwa interview ya mapokezi katika hoteli moja ya Nanyuki. Walimwambia atasoma menyu ya Kiingereza kwa sauti. Tangu amalize chuo hajapata kazi, na hii aliitaka mpaka akawa hali chakula vizuri. Akanijia mimi, kwa sababu boma lote ni mimi nilipata B ya Kiingereza kidato cha nne, nikarudi nayo nyumbani ikakaa kama vyombo vya wageni.

Sisi watu wa huku hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe la lugha gani. Akasoma "mouth-waTERing". Nikaenda kwa ungo wa mama, nikapanga mezani: haragwe kwa silabi nzito, punje ya mahindi kwa nyepesi. Mouth-wa-ter-ing: haragwe, mahindi, mahindi, mahindi. Old-fash-ioned: mahindi, haragwe, mahindi.

"Na 'sun-dried', mwalimu?"

"Haragwe moja... ama moja na nusu."

"Nusu ya haragwe!"

"Ati mnafanya nini na githeri yangu?" mama akauliza. "Hiyo Kiingereza ikiisha mrudishe kwa sufuria."

Siku yenyewe nilifagia uwanja mara mbili. Nikaweka simu kwa chaji ikiwa imejaa.

"Keti," mama akasema. "Unatulisha vumbi."

Saa nane mdogo wangu akapiga.

"Nimeharibu. Nilisoma nikikata kila neno, vidole vikigonga meza. Mama wa hoteli aliyekuwa akinisikiliza akaniambia, 'Dada, wageni watalala njaa kabla ufike kwa supu.' Na ni wewe! Ulinifunza kukata, hukunifunza kuunganisha."

Siku tatu nilijiona profesa, kumbe nilikuwa natwanga maneno tu.

"Halafu?"

"Nikamwambia ukweli, ati tulisomea kwa githeri. Akacheka mpaka akatoa miwani. Akasema nisome tena, kama ninamkaribisha shangazi. Nikasoma."

"Halafu?"

"Watapiga kesho."

Usingizi sikuupata. Asubuhi simu yake ikalia tukinywa chai. Akasimama. "Yes, madam. Yes, madam," akasema, haraka, kwa mkupuo mmoja. Jumatatu anaanza.

Mama alipiga vigelegele. Mimi nilimkumbatia mdogo wangu, nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Akishaenda kazini, nitamfunza nani?