Tembo Tamu Nililolimwaga

Nakumbuka alasiri moja ya Ramadhani, hapa hapa kijijini Kanga, miaka ile tulipolima pamoja shamba la kijiji cha ujamaa. Nilikuwa bibi harusi, hina haijanifutika miguuni. Mume wangu, Athumani, alikuwa mgema. Usinikunjie uso, mwanangu, siusemi ulevi. Aligema tembo tamu la mnazi, lile ambalo halijachachuka bado, na majirani wengi walifuturu kwalo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wangu alisifiwa mpaka Ndagoni, na hakutia hata tone.

Siku hiyo asubuhi vijana wa shamba walikuwa wamekwea minazi kutia dawa ya unga vileleni, wamuue chonga, yule mdudu anayetoboa moyo wa mnazi. Hakuna aliyekumbuka kwamba vibuyu vya Athumani vinaning'inia huko huko juu.

Alipoviteremsha nikachungulia. Nyuki wameelea wamekufa, na juu ya povu pana utando wa kijivu unaonuka dawa.

"Bwana, hili watu wasinywe," nikamwambia.

"Watu wamekaa uani wananingoja! Dawa ya serikali itakuwaje sumu?"

Nikasita. Mimi mgeni katika nyumba ile, nimwaibishe mume mbele za watu? Nikamtazama mama mkwe. Akalinusa, akanikazia macho.

"Umekwishaona, mwanangu. Sasa unangoja nani?"

Basi nikamwaga, kibuyu baada ya kibuyu, watu wakiguna. Athumani akaninyang'anya cha mwisho, na adhana ya magharibi ilipolia akafuturu nacho mbele ya wote, kulinda jina lake. Isha haijafika, anatapika na kutetemeka mwili mzima. Tukambeba kwa kitanda mpaka zahanati. Usiku ule niliomba dua zote nilizofunzwa, na Mungu akamnusuru.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kijiji. Athumani akasimama, miguu bado haina nguvu.

"Mke wangu alitazama roho zenu," akasema, "mimi nikatazama jina langu. Msinipe pole mimi. Mshukuruni yeye."

Kisha akaomba wagema waarifiwe kabla dawa haijatiwa, na mwenyekiti akakubali. Muungwana ni kitendo, mwanangu. Wanaume wangapi wa zama zile wangeyasema hayo hadharani? Wangu aliyasema. Mpaka leo nikikumbuka, shingo hunyooka yenyewe.

Sasa nisikilize. Mmea hunywa tunachoumwagia, nasi tunaunywa mmea. Iwe dafu, maji ya muwa au chai ya mchaichai, uliza kwanza shambani kumetiwa nini, na lini. Ukiwa na shaka, mwaga, hata kama wageni wamekwishaketi. Heri lawama kuliko fedheha. Na ukikosea mbele ya watu, kiri mbele ya watu hao hao. Hutapungua.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie nyumba ambayo kila apitaye atakunywa kwako na kuondoka mzima.