Katuni ya Mikate Aliyotuachia Fundi wa Baraka

Habari imenifikia kutoka mji wa Baraka, kando ya ziwa: yule mzee fundi wa mikate ametutoka. Nilipaswa kuanza kwa kulia, wasomaji wangu, lakini kila nikimkumbuka nacheka, maana ndiye aliyenifanya nipende katuni nikiwa na mvi tayari. Tena katuni gani! Ya mikate! Mpishi wake anakanda kwa mikono na miguu, unga unaumuka, unang'oa paa, unameza ofisi ya ushuru pamoja na mkuu wake, na kila anayeonja kipande anachipua maua masikioni. Uongo mtupu, na mtamu! Itafuteni leo hii.

Kaseti yenyewe aliipata ukimbizini, ng'ambo ya ziwa. Aliporudi, vita vilikuwa bado havijaisha. Njia ya Uvira ilifungwa, unga wa ngano haupiti, na ndani ya tanuru lake kuku walikuwa wanataga. Mke wake alikwishafunga mizigo: boti ikifika tu, anarudi kambini na watoto, kule angalau wanakula. Na mzee yuko wapi? Kwa jirani mwenye jenereta, anatutafsiria katuni ambayo lugha yake hakuijua hata neno moja!

"We Papa," mama watoto wake alimwita toka mlangoni, "batoto beko na njala, we uko unachekea mikate ya mu televizio?"

"Mama, kuya uone! Iko inapanda!"

"Inapanda! Na ya kwako itapanda lini?"

Tulicheka. Mzee hakucheka. Asubuhi nilimkuta anakung'uta magunia ya zamani, vumbi la ngano analichanganya na unga wa muhogo. Hamira haikuwepo, basi tulizoea kutia pombe ya mchikichi, kikombe tu. Yeye akamimina bidoni nzima, dumu zima, kama yule mpishi wa katuni.

"Punguza, ndugu yangu!" nilimwambia.

"We ulitazama, ama ulisinzia?"

Jua likapiga. Donge likavimba, likasukuma kifuniko cha beseni, likamwagika uani, kuku wakakimbia. Mama alikuwa anatoka na mzigo kichwani. Aliutupa chini, akakumbatia beseni kwa mikono miwili.

"Leta beseni ingine! Papa, iko inakimbia!"

Majirani walikuja na masufuria. Mikate ilitoka tanuruni bapa kama ndala, michachu, yenye kulevya kidogo, na watu walileta ndagala, dagaa wa ziwani, wabadilishane nayo mpaka tanuru likabaki tupu. Watoto walishiba. Boti ilifika, ikaita, ikaondoka. Mama hakugeuka, alikuwa anagombana na mumewe juu ya kipimo cha pombe ya kesho.

Kwa hiyo msiniambie katuni ni ya watoto. Vita vilitufundisha kutamani kidogo kidogo, kwa kujificha, kama wezi. Mzee yule alitamani waziwazi mbele ya mke wake, akakubali achekwe, kisha akakanda. Nanyi tazameni, mcheke, halafu mnawe mikono, mkande.