Jeki Alitazama Mikono Kwanza

Ipo siku moja ambayo sijawahi kuisahau, mwanangu, na imenirudia tangu jana nilipokuja kwako Ntalikwa. Nilikukuta uani unakiita kijibwa chako, "Njoo, njoo mtoto mzuri," sauti tamu ya mwinjilisti, na nyuma ya mgongo umeficha ndala. Kijibwa kimejibana chini ya pikipiki. Ukanigeukia: "Shikamoo baba. Hivi huyu mbwa ana shida gani?" Nikaitikia marahaba tu. Leo nakujibu.

Mimi nilikuwa na Jeki. Nilimlea Ipole, kwa mjomba wangu mfuga nyuki, nikiwa kijana wa miaka kumi na saba ninayejua kila kitu. Jeki alikuwa mwizi wa mayai. Kila aliporudi kutoka kwa jirani nilimwita, naye akaja mbio, mkia unapepea, ndipo nikamchapa. Si tulifundishwa kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe? Basi mimi sikuchelea.

Baada ya wiki chache akaanza kuja kwa kusitasita. Nikasema hii ni jeuri, nikaongeza fimbo. Akaacha kuja kabisa. Nikawa namtupia matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha alivyovipenda kupita nyama. Akisogea namkamata, namchapa kwa kosa la kutokuja. Mwishowe hata matobolwa akayakataa, na mayai bado anaiba! Hapo akili ilinivurugika. Jina nimempa mimi, chakula nampa mimi, lakini akinisikia nakohoa anatoka mkuku. Nilidhani kuna mtu kamroga, Mungu anisamehe.

Ndipo mimi na mjomba tukaenda porini kurina asali, Jeki nyuma ya mjomba. Alasiri moja, mjomba akiwa juu ya mti anashusha mzinga, kamba ilikatika, mzinga ukaanguka na kupasuka karibu na Jeki. Nyuki wakamvaa. Mimi nilikuwa kando ya moto, kwenye moshi ambako nyuki hawasogei, hatua ishirini tu kutoka alipo. Nikapiga kelele, "Jeki, njoo! Njoo huku!" Akageuka. Akaniangalia, akaona kijiti cha kuchochea moto mkononi mwangu, akarudi kulekule kwenye nyuki. Mwanangu, aliona heri nyuki kuliko mimi.

Mjomba akateremka mtini, akachuchumaa kwenye moshi, akafungua viganja na kumwita mara moja, taratibu. Jeki akaja. Akajitupa magotini pake, uso umevimba hana macho.

Nilishukuru, na papo hapo nikaona wivu. "Mjomba, mbona anakukimbilia wewe? Mimi ndiye ninayemlisha!"

Mjomba alikuwa anamchomoa miiba. "Ukimwita, akija, unampa nini?"

"Namchapa. Kwa ajili ya mayai."

"Mayai kala saa ngapi?"

"Kabla sijamwita."

"Na fimbo ilimkuta anafanya nini?"

Ilimkuta ananitii.

"Basi umemfundisha vizuri sana," mjomba akasema. "Usimlaumu mwanafunzi."

Jeki alipona, tukaanza upya. Mkono mtupu haulambwi: kila aliponisogelea hata hatua moja nilimpa kipande cha kiazi na neno zuri, kisha nikamwacha aende zake. Nikimkuta pua iko kwenye yai, nasema "Acha!" hapohapo, akiacha, namsifu. Mayai aliyasahau kabla mvua hazijaanza. Lakini hadi anazeeka, nikimwita alisimama hatua tatu mbele yangu, akatazama mikono yangu, huu, kisha huu, ndipo akamalizia. Porini kwenye nyuki alirudi bila hofu. Mikono yangu hakuisahau, na mpaka leo sielewi kwa nini.

Basi sikia. Kosa likemee likiwa bado mdomoni. Likishapita, limepita. Anayeitika wito wako usimpige, hata kama una haki, hata kama moyo unachemka. Mpe kitu, walau neno. Na mwanao akija mwenyewe kukwambia kavunja sahani, kumbuka kwamba amekuja.

Mimi haya niliyajua kabla hujazaliwa, na bado siku uliyoniletea barua ya kufeli mtihani nilikuchapa. Ulikuja nayo mwenyewe, kwa miguu yako, wala sikuwa nimekuita. Sijui nilikuwa nawaza nini. Jana uliponipokea, kabla hujanyoosha mkono, uliitazama kwanza hii fimbo yangu ya kutembelea. Labda ni macho ya uzee yanayonidanganya. Kama hayanidanganyi, nisamehe, baba.

Ndala ivae mguuni. Chuchumaa, fungua viganja, kiite tena. Na Mungu akujalie mikono ambayo unaowaita hawataitazama kwanza.