Komeo Nje ya Skramu

Siku ya mechi Komeo alikuwa hakaliki. Wenzake walijilaza kwenye mabenchi ya chumba cha kubadilishia nguo, taulo usoni, na yeye akawa anatoka makabatini kwenda bafuni, anarudi, anafunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga tena. Nahodha alishamzoea.

"Muacheni," alisema. "Akikaa ataota mizizi, halafu skramu atatushikia nani?"

Kazi yake ilikuwa hiyo. Kwenye raga, wanane wa huku na wanane wa kule huinama, wakashikana mabega, wakagonganisha vichwa na kusukumana kugombea mpira. Pembeni ya safu ya mbele yupo mtu mmoja anayebanwa na uzito wa pande zote mbili: adui mbele, wenzake nyuma. Mtu huyo alikuwa yeye. Shingo yake ilikuwa haijulikani inapoanzia, na masikio yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyofinyangwa. Jina alipewa na mtangazaji wa redio, siku timu yake ilipobanwa hatua chache kutoka mstari wake wa goli na skramu ikagoma kurudi nyuma. "Mlango umefungwa, komeo limetiwa!" mtangazaji alipiga kelele, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki la mamaye peke yake.

Alitokea kwenye karakana ya kuchomelea mageti, akiwa mwanagenzi aliyecheza raga jioni na timu ya mtaa. Timu ya kulipwa ilipomchukua, hakutua tena. Msimu huku, misimu miwili kule, kila mkataba ukiisha anauliza nani anamtaka. Mkewe, fundi cherehani, alihama naye na mashine yake, na mabinti zao pacha wakajua kufunga mizigo kabla ya kujua kusoma.

"Mwanangu hakuolewa na mtu," mama mkwe alikuwa akisema, "kaolewa na begi la safari."

Na mchezo wenyewe mama mkwe huyo hakuupenda. Wanaume wazima kukumbatiana kwenye matope kama wanaogombania shuka, yeye aliona ni kukosa kazi. Lakini hakukosa mechi.

Msimu ambao timu yake ilifika fainali, mkono wake wa kushoto ulianza kuingia ganzi. Kila baada ya skramu nzito kitu kama umeme kilimpiga kutoka shingoni hadi vidoleni. Aliukung'uta, akacheka, akaendelea. Daktari wa timu alipomuuliza, alijibu, "Mzima kama chuma." Hakuwa na hofu ya maumivu. Aliogopa siku ya kuamka asubuhi asiwe na pa kwenda kusukumana na watu.

Alasiri moja, wiki ya fainali, mkewe alikuwa akipiga pasi gauni la mteja. Komeo alikuwa akizungukazunguka chumbani, simu sikioni, akibishana na nahodha. Mkewe aliposimamisha pasi mezani ili ageuze gauni, yeye akaegemea meza hiyo, mkono wa kushoto nyuma yake.

Mkewe akanusa. "Baba Pacha, kinaungua nini?" Akaangalia gauni; zima. Ndipo alipoona. "Mkono wako! Toa mkono wako kwenye pasi!"

Komeo aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Ngozi ya kiganja ilikuwa imebabuka, na yeye hakuwa amehisi lolote.

Mkewe aliuweka chini ya maji ya bomba. Kisha akauliza, "Imeanza lini?"

"Nini?"

"Usinizungushe. Mtu haungui akaendelea kuongea na simu."

"Tangu mwanzo wa msimu." Alikuwa anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. "Ni Jumamosi tu, Mama Pacha. Fainali. Ikiisha, namwambia daktari mwenyewe."

"Mimi sikukatazi. Uliwahi kukatazika? Kaa hapo kwanza."

Akawaita watoto. Akamfumba Komeo macho kwa kitambaa cha kushonea, akawaambia mabinti wamguse baba mkono kwa penseli na yeye aseme wapi. Wakadhani ni mchezo, wakachekelea.

"Haya, baba, hapa?"

"Nasubiri," alisema Komeo. "Anzeni basi."

Kicheko kikakatika. "Baba," mmoja alisema polepole, "tumeshakugusa mara nyingi."

Komeo alivua kitambaa mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umejaa vidoti vya penseli, kuanzia kiwiko hadi kidole kidogo. Hakubishana tena. Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwa daktari kabla daktari hajafika.

Picha zilionyesha pingili ya shingo imehama na kukandamiza neva. Daktari alikasirika. "Skramu moja mbaya, ungelala kitandani maisha yako yote. Umeelewa? Hutasukuma tena. Si Jumamosi, si mwakani."

Fainali aliiona akiwa amesimama mstarini, maana kiti kilimshinda. Nafasi yake ilichukuliwa na Bonge, mchezaji wa akiba aliyekuwa amezeeka akisubiri. Skramu ya kwanza Bonge alirudishwa nyuma kama toroli. Ya pili vilevile. Komeo alitukana, akalia, akaenda hadi kwenye kona ya uwanja na kurudi. Kisha akaona: mpinzani alikuwa anauvuta chini mkono wa Bonge, kisirisiri, upande ambao refa haoni. Wakati wa mapumziko alimshika Bonge begani.

"Achana na mkono wake. Kamata jezi yake mbavuni, ivute kwako, halafu uwe chini kuliko yeye. Chini kabisa, mpaka unuse nyasi."

Kipindi cha pili ukuta wa skramu haukusogea. Baadaye ukaanza kwenda mbele. Timu ikashinda, uwanja ukalipuka, na Komeo akarukaruka na wenzake. Lakini ndani yake kitu kilizama. Wameweza bila yeye, tena vizuri. Bonge alikuja matope matupu, akamvisha medali yake.

"Kaka, nusu yako hii."

"Medali haikatwi," alisema Komeo, akamrudishia, akaenda kuoga ingawa hakuwa ametoka jasho.

Baada ya upasuaji wa shingo klabu ilimpa kazi ya ofisini, kupokea wageni. Mkewe alimshonea mashati, kwa kuwa hakuna kola ya dukani iliyomtosha. Kiti kilikuwa kizuri, cha magurudumu, naye alikisukuma korido nzima bila kukikalia. Hakumaliza msimu, akaacha. Ikawa ni kutembea mitaani kutwa, mikono nyuma, akichungulia maduka, mpaka wenye maduka wakaanza kumshuku kuwa mtu wa kodi.

Aliyemwokoa ni refa mmoja mstaafu aliyekuwa amemwadhibu miaka na miaka. Walikutana kwa kinyozi.

"Umeniibia sana wewe," alisema mzee. "Hakuna ujanja wa skramu usioujua. Njoo ushike filimbi."

Komeo alicheka. Kesho yake akaenda kuuliza mafunzo ni wapi. Daktari akaruhusu: kukimbia sawa, kusukumana hapana.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa ya timu ndogo, kwenye uwanja wenye vipara. Skramu ilipoinama, miguu yake ilienda mbele yenyewe, kichwa kikashuka kutafuta nafasi. Ilibidi ajirudishe nyuma kwa nguvu. Hapo hapo akaona kiwiko kikivutwa. Akapuliza.

"Refa, sijafanya kitu!"

"Hicho ambacho hujafanya, mimi nimekifanya kabla hujaota ndevu. Penalti."

Kelele zikatoka jukwaani, na sauti moja ikazizidi zote. "Huoni wewe! Huoni kabisa!" Alikuwa mama mkwe.

"Mama, huyo ni Baba Pacha," mkewe alimnong'oneza.

"Namjua. Ndiyo maana namwambia."

Jioni, mkewe alimuuliza kama sasa moyo umetulia. Komeo alifikiri.

"Bado. Nilitamani kuingia. Kila skramu."

"Heri umesema ukweli."

Walikuwa ndiyo kwanza wamekaa mezani mlango ulipogongwa, na mama mkwe akaingia bila kungoja kukaribishwa, akidai aelezwe ile penalti ilikuwa ya nini. Komeo aliinuka, akavuta viti viwili vikaangaliana, akawaambia mabinti wainame.

"Tazama hapa, mama," alisema. "Huyu ni wao, huyu ni wetu."

Chakula kikapoa, wao bado wanabishana.