Gunzi la Sadoki na Wapambe Wake

Sifa zote zimrudie Mwenyezi Mungu, aliyenipa mikono ya kufunga bandeji na umri wa kuketi nikakumbuka. Namshukuru kwa kazi niliyoiweza, na kwa subira Yake juu ya jambo moja ambalo sijawahi kuliandika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Kibondo, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Afisa Utamaduni wa Wilaya, ambaye michezo nayo ilikuwa mikononi mwake, alinipokea mlangoni mwa ukumbi akiwa na ufunguo mmoja na jozi moja ya glovu.

"Ngumi umejifunza wapi?"

"Tanga, Bwana Afisa. Kwenye mashamba ya mkonge."

"Ninyi Waha wote mmepitia mkongeni. Ulikuwa unapiga au unapigwa?"

"Nilikuwa kona, bwana."

Akacheka. "Afadhali. Waliopigana hawana meno ya kufundishia. Shika ufunguo. Kioo cha dirisha kikivunjika, utaziba kwa mgongo wako."

Vijana wa leo wana mashine. Sisi tulikuwa na gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu na pumba za mpunga, tukalining'iniza kwenye boriti. Bandeji, kile kitambaa cha kufunga vidole na kifundo cha mkono kabla ya kuvaa glovu, tulizichana kutoka mashuka yaliyochakaa, nasi tukazifua kila jioni. Bandeji haiongezi nguvu. Inazuia mifupa isiachane.

Kona ndiyo kazi yangu hasa. Kati ya raundi na raundi bondia hukaa dakika moja, na katika dakika hiyo mtu wa kona humpa maji, humfuta, humpaka mafuta ya mgando juu ya nyusi ngozi isichanike, kisha humpa neno moja. Moja tu. Msimamizi aliyenifunza mkongeni alikuwa akisema, "Aliyepigwa ana sikio moja. Wakisema wawili, atasikia kelele." Nililishika hilo miaka yote ya Kibondo, na nilipohamishiwa Kasulu nilikwenda nalo.

Kasulu ndiko nilikompata Sadoki. Alitoka Makere, mrefu, kimya, mikono yake kama mipini ya jembe. Alikuja sokoni kuuza ndizi, akasikia gunia likilia, akaingia na mkungu begani.

"Naweza kulipiga?"

"Tua ndizi kwanza, mwanangu."

Alipiga mara tatu, pumba zikamwagika. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba Mungu amenipa mtoto mwingine.

Kasoro yake ilikuwa moja. Kila ngumi yake ilipofika, aliinua kidevu, kana kwamba anataka kuitazama kazi yake. Kidevu kilichoinuka ni mlango uliosahauliwa wazi. Basi nikatafuta gunzi la mahindi, nikamwambia alibane kati ya kidevu na kifua, apige gunia hivyo hivyo. Likianguka, anafua bandeji za ukumbi mzima. Miezi ile ya kwanza alizifua hata wenzake wakamwita dobi. Alicheka, akainama, akaliokota gunzi. "Tena, baba," alikuwa akisema. Aliniita baba.

Kisha akaanza kushinda. Alishinda Kasulu, akashinda Kigoma, akaingia ngumi za kulipwa. Ndipo wapambe wakaja.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mbaruku, mwenye duka, mtu wa asili ya pwani, mkarimu kwelikweli. Alimpa Sadoki sukari, viatu, na joho la kijani lililoshonwa kwa fundi wake. Nyuma yake akaja Kitwe, kijana mcheshi aliyejifanya mwenzake wa mazoezi, na wengine wanne ambao mpaka leo sijui walikuwa na kazi gani zaidi ya kubeba kiti na kucheka. Sadoki alipoingia ukumbini walimpigia makofi ya taratibu, mikono ikiwa imekunjwa kidogo, kama wazee wetu walivyompigia mwami, mtawala wetu, zamani. Akisema jua kali, walijibu "Ego!", ndiyo ya Kiha. Akisema kuna baridi, "Ego!"

Mazoezi ya kujipimana yakageuka maigizo. Sadoki alirusha ngumi, na kabla haijafika Kitwe alikuwa chini.

"Radi imepita!" alipiga kelele kutoka sakafuni. "Niacheni nife, nimeiona radi!"

"Inuka, Kitwe," nilisema. "Hajakugusa."

"Mwalimu Yahaya, upepo wake tu unatosha!"

Wote wakacheka, na Sadoki akacheka. Siku nyingine nilipotoa gunzi, Mzee Mbaruku alilichukua mkononi mwangu kwa upole.

"Mwalimu, bingwa habanishwi gunzi kama nguruwe anayelishwa. Watu watatuonaje?"

Nilimtazama Sadoki. Aliangalia viatu vyake vipya, akasema, "Tuliache kwanza, Mwalimu."

Mwalimu. Na Mzee Mbaruku sasa ndiye aliyeitwa baba.

Ninaandika kwa vijana, na sitaki kuwadanganya. Nilikuwa na wivu. Ijumaa nilisimama safu moja na Mzee Mbaruku, bega kwa bega kama tulivyoamrishwa, na wakati imamu anasoma mimi nilikuwa nalihesabia kosa lile joho la kijani. Mke wangu alipika uji nikaona hauna sukari ya kutosha, nikakumbuka ni nani mwenye sukari. Nilijiambia kwamba namhurumia kijana. Ukweli ni kwamba nilitaka niwe mimi ninayempa viatu.

Afisa Utamaduni wa Kasulu, mtu wa Songea, mkali na mwenye haki, aliniita ofisini.

"Mwalimu, nani anamfundisha Sadoki?"

"Mimi, Bwana Afisa."

"Mbona naona saba? Ukumbi ni wa serikali na ufunguo unao wewe. Wafukuze."

"Ni rafiki zake, bwana."

"Rafiki wa bondia ni yule anayempiga mazoezini. Wafukuze, au usije kwangu kulia."

Ningeweza. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Lakini moyo wangu ulisema: mwache, ataona mwenyewe, atarudi kwangu ameinamisha kichwa. Hayo ndiyo niliyokuwa nayangoja, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikifungua mlango asubuhi, nakaa pembeni na kukunja bandeji, sisemi.

Likapangwa pambano Tabora, na mwandaaji akaahidi kwamba mshindi atapelekwa Dar es Salaam. Siku mbili kabla ya safari, Sadoki alikuja ukumbini peke yake. Ilikuwa asubuhi mapema, nami nilikuwa nafagia. Alisimama kidogo, mkono mmoja mfukoni, kisha akapiga gunia ngumi kama ishirini. Kidevu chake kilikuwa juu kuliko nilivyowahi kukiona. Kila pigo, kidevu juu, anangoja makofi ambayo hayakuwapo.

Akanigeukia. "Baba, siku nyingi hujaniambia kitu. Nikoje?"

Aliniita baba. Ningetupa ufagio na kumkumbatia. Lakini wivu ukishazeeka ndani ya mtu haufurahi hata ukipewa ulichokuwa unakililia. Nilifikiri: leo wapambe hawapo, ndiyo umenikumbuka.

"Uko vizuri, bingwa," nikasema, nikaendelea kufagia.

Sikuwahi kumwita bingwa kabla ya hapo. Alisimama tena kidogo, akasema asante, akatoka.

Tabora kona yetu ilikuwa na watu saba. Mwamuzi alituonya mara mbili. Katika dakika ya mapumziko mmoja alisema ashambulie, mwingine apumzike, Kitwe aliimba, na Mzee Mbaruku alimpepea kwa joho. Neno langu lilikuwa "kidevu". Nililisema, lakini nilikuwa nimechelewa, na kelele zilikuwa nyingi. Raundi ya nne Sadoki alifikisha ngumi nzuri sana. Watu wakashangilia. Akainua kidevu kuwasikiliza.

Taya lilivunjika mahali pawili. Daktari wa hospitali alisema hatapigana tena.

Wapambe walirudi na treni ya kwanza. Siwalaumu kama nilivyowalaumu zamani, walikuwa na shughuli zao. Nilibaki naye mpaka alipofunguliwa waya mdomoni, tukarudi wawili.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, na nikastaafu salama. Wiki ya kustaafu nilikwenda Makere. Sadoki ana migomba, kahawa, na watoto wenye adabu. Taya lake lilikaa upande, huongea polepole. Nilimwambia yote: wivu, ufagio, na lile neno.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Asubuhi ile gunzi lilikuwa mfukoni mwangu, baba. Nilitaka tuanze tena. Uliposema niko vizuri, nikalitupa njiani."

"Na wao walikuwa wanakuambia vivyo hivyo kila siku," nikasema, nikijitetea bado.

"Wale niliwapenda tu, sikuwasadiki. Wewe ndiye niliyekusadiki."

Akaniita tule. Mwaka uliofuata alimwoza binti yake, na Mzee Mbaruku alikaa kiti cha mbele, mimi cha pili. Nilihisi kile kidudu cha zamani kikijinyoosha kifuani. Nikaomba dua, nikapiga makofi kama wengine.

Wewe unayesoma, ukiwa kocha, mwalimu au mzazi, Mungu akupe ulimi unaosema kweli wakati bado inasaidia. Na kama ni wewe unayepigana, akujaalie mtu mmoja wa kukuonyesha kidevu chako, na amtakase mtu huyo na wivu. Amina.