Gitaa Lenye Tumbo

Jumapili, baada ya misa na baada ya bukari, ugali wetu, ndiyo saa inayonipa shida. Zamani, saa hiyo baba alikuwa akitoa kiti chake uani, huku kwetu Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, anakaa kwa raha ya mtu aliyeshiba, anaanza kupiga gitaa. Mama alikuwa anaacha kila alichokuwa akifanya na kumfuata, wanaimba pamoja. Mimi nilibaki na vyombo. Nilinung'unika sana wakati ule, maana vyombo vilikuwa vingi na waimbaji hawaoshi sahani. Leo ningeosha vya mtaa mzima ili niwasikie tena.

Baba anapiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kama vijana wengi wa rika lake waliokulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye karakana ya reli, akigonga mabati na chuma mpaka masikio yakachoka kabla ya mwili. Alipostaafu alikuwa anasikia robo ya unachomwambia, na hiyo robo anaijibu vibaya. Lakini gitaa alilisikia. Lilikuwa la mbao, lenye mgongo bapa. Alilibana tumboni, akaegemeza kidevu kwenye ubavu wake wa juu, na sauti ikamwingia kwa mifupa. Ukimuuliza kama anasikia kweli, alikuwa anajipigapiga kifua na kuendelea.

Mama alipofariki, baba alifanya kama walivyofanya wazee wa kwao kaskazini mwa Katanga. Alilegeza nyuzi zote, akalitundika gitaa ukutani sebuleni, uso ukitazama ukuta. Gitaa la aliyefiwa haliguswi mpaka siku ya kuondoa kilio. Siku hiyo mwenyewe analishusha na kupiga wimbo wa kwanza mbele ya watu, na hapo ndipo ndugu wanajua kwamba amekubali kuendelea kuishi. Asipopiga, wanarudi makwao wakiongea kwa sauti ya chini.

Ilikuwa miezi ya baridi, na asiyeijua baridi ya Juni ya Lubumbashi asinicheke. Wanawake waliokuja kulala msibani walijaza sebule kwa mikeka, wakaingiza mbabula, lile jiko la makaa, wakaiweka palipokuwa na nafasi: chini ya gitaa. Wote tuliona. Shangazi aliona, akajisogeza karibu na moto. Hakuna aliyegusa gitaa, kwa sababu lilikuwa la msiba, na hakuna aliyehamisha mbabula, kwa sababu tulikuwa tunatetemeka. Asubuhi moja tukasikia mlio mkavu, mgongo wa gitaa ukapasuka kuanzia juu mpaka chini. Baba alikuwa amekaa palepale chini yake na hakusikia kitu. Ilibidi tumwonyeshe kwa kidole.

Shangazi akasema lililopasuka linaruhusiwa kushushwa litengenezwe, na fundi wa samani akalibandika kwa gundi. Mbao zilishikana lakini sauti haikurudi. Baba alilibana tumboni, akagusa uzi mmoja, akasubiri, akamshukuru fundi kwa heshima zote, kisha akaenda kulala mchana kweupe. Mimi ndiye ninayekaa naye, na nilijua maana ya usingizi ule.

Siku ya kuondoa kilio ilipokaribia, shangazi akaanza kuuliza kila akipiga simu: baba yenu atapiga nini? Kaka yangu mkubwa, ambaye anaamini hakuna tatizo duniani lisilo na dawa ndani ya katoni, akaenda mjini kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini anayeuza simu na vyombo vya muziki vya makanisa. Akarudi na gitaa jeusi, linalong'aa, lenye mgongo wa plastiki ngumu uliojaa kama sufuria iliyogeuzwa. Kaka si mtu wa kudanganywa kirahisi, lakini yule mfanyabiashara alikuwa amemwagia gitaa kikombe cha maji mgongoni, akalipangusa kwa mkono wa shati lake, akaligonga kwa ngumi. Nani angebisha baada ya hapo?

Nitasema ukweli wake, maana si vizuri kukisema vibaya kitu kilicholetwa kwa upendo. Lilikuwa gitaa zuri. Shingo yake ilikuwa nyembamba na nyuzi zake laini chini ya vidole. Haliogopi mbabula, haliogopi mvua. Likichomekwa kwenye boksi la spika ambalo kaka alilileta pamoja nalo, lilitoa sauti safi, tamu, na jirani wa ng'ambo ya barabara alizima redio yake ili asikilize. Wanakwaya wa parokia yetu walipoliona tu, wakaanza kutusalimia kwa uchangamfu ambao hatukuwahi kuuona.

Ila halikukaa. Baba alilipakata, likateleza. Akalivuta, likateleza tena, kama mtoto asiyetaka kubebwa. Akaweka taulo mapajani, akavaa mkanda begani. Na hata alipofaulu kulibana, ule mgongo wa mviringo ulimgusa mahali padogo tu, na sauti yote ikaenda mbele, kwa watu. Kwake haikuingia.

“Hii gita iko na tumbo,” alimwambia kaka. “Na miye niko na tumbo. Matumbo mbili haiwezi kuikala pamoja.”

Kaka alicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu nilimwona baba akilirudisha kwenye mfuko wake kwa adabu nyingi mno, ile adabu ya kumsindikiza mgeni usiyetaka arudi. Nililichukia lile gitaa siku hiyo. Nililitamani lile la mbao, na nikitamani lile la mbao nilikuwa namtamani mama, na hasira yote ikamwangukia kaka, ambaye hakuwa na kosa.

Kilichotuokoa ni uhaba wa viti. Siku chache kabla ya shughuli, kaka alikuja kujaribu nyuzi, na baba, akiwa amechoka kusimama, akakaa juu ya boksi la spika. Kaka akapiga. Baba akaganda. Akaweka viganja vyote viwili kwenye mbao za lile boksi, akamwambia apige tena, kisha akanyoosha mikono kulipokea gitaa. Tangu siku hiyo alifanya mazoezi akiwa amekalia spika, na sauti ilimpanda kutoka chini. Nilianza kupika tena kwa hamu.

Siku yenyewe ikafika. Misa ilisomwa, watu wakala, wakajipanga uani chini ya turubai. Baba alikaa juu ya boksi lake na shati jipya, akaanza mwanzo wa wimbo ambao mama aliupenda kuliko zote. Nikaona mabega yake yakishuka, kama zamani. Shangazi alikuwa ameshaanza kufuta macho.

Umeme ukakatika. Kaka anakaa Karavia, mtaa wa wenye nazo, ambako umeme ukienda jenereta inawaka yenyewe, kwa hiyo hakuwa amefikiria jambo hilo kabisa. Sisi wengine tuliendelea kulisikia gitaa, dogo, jembamba, kama redio ya chumba cha pili. Kwa baba lilikuwa limekwisha. Aliondoa mikono, akaziangalia nyuzi kana kwamba zimekatika zote. Kaka alisimama na simu akitafuta jenereta ya kuazima. Shangazi akasema haina shida, tutapanga siku nyingine. Baba akaanza kuvua mkanda begani, na mimi nikajua akilitia gitaa kwenye mfuko hatalitoa tena.

Sijui ni nini kilichoninyanyua. Nilivuta kiti, nikakaa mbele yake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, nikaanza wimbo kwa sauti aliyokuwa akiiimba mama. Sauti yangu ni ya kuuzia nyanya, kila mtu pale anajua. Baba akainua uso. Aliutazama mdomo wangu tu, akautazama kwa muda, na vidole vyake viwili vikarudi kwenye nyuzi na kunifuata.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini mama, miaka yake ya mwisho, alikuwa anaimba akiwa amekaa uso kwa uso na baba namna ile. Nilikuwa nikiwaona kutoka kwenye vyombo vyangu na kudhani ni mapenzi tu ya wazee. Baba alikuwa ameacha kuisikia sauti ya mkewe zamani, akimfuata kwa kuutazama mdomo wake, na mama alijua, na hawakumwambia mtu.

Akapiga hivyo, bila kulisikia gitaa wala kunisikia mimi, mpaka mwisho wa ubeti. Kisha akainama kuja kwangu, vidole vikiendelea.

“Fungula kinwa, mutoto yangu,” aliniambia. “Mama yako alikuwa anafungulaka.”

Nikafungua.